Tupeane uzoefu: memori kadi moja inapozunguka kwenye kamera mbili

Mama Studio, Mwanga, Kigoma (mtoa mada)

Ndugu wapigapicha, na ninyi nyote mnaotunza picha za familia zenu, habari za kazi. Nimeanzisha mada hii kwa sababu wateja wanaofika studioni kwangu siku hizi wana kilio kimoja: kadi ilikuwa kwenye kamera hii, ikahamishiwa kwenye kamera ile, na sasa picha hazionekani. Ninaomba kila mwenye kisa chake akieleze, awe aliponea chupuchupu au aliumia. Ninaanza na changu, ambacho hadi leo kinanitia haya.

Nilikuwa na harusi Ujiji. Tangu asubuhi nilikuwa nyumbani kwa bibi harusi, nimepiga picha za kupambwa, za wazee na za akidi, na mchana betri yangu ya mwisho ikakata wakati bibi harusi anakaribia kutolewa ndani. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ninamfundisha kazi, alikuwa na kamera ndogo ya zamani tunayoiweka kama akiba. Siku ile nilikuja na kadi moja tu, ya gigabaiti 64, na hilo ndilo kosa la kwanza. Nikaichomoa kwenye kamera yangu, nikampa. Baada ya muda mfupi nikamsikia nyuma yangu akisema, "Shangazi, inaniuliza kitu." Nilikuwa nimeinua taa kwa mikono miwili, macho yangu yako mlangoni, nikamjibu bila kugeuka, "Wewe kubali tu." Akakubali. Kamera ilikuwa inamwomba ruhusa ya kufomati kadi.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Kadi za SD zenye ukubwa unaozidi gigabaiti 32, yaani zile zilizoandikwa SDXC, huja zimefomatiwa kwa mfumo unaoitwa exFAT, na kadi za aina hiyo zilitangazwa mwaka 2009. Kamera iliyotengenezwa kabla ya hapo haiufahamu mfumo huo, kwa hiyo inapokutana na kadi iliyojaa picha huiona kama kadi ambayo haijaandaliwa, na kwa adabu kabisa inaomba iiandae. Haisemi kwamba ndani kuna harusi ya mtu.

Kilichotuokoa ni kwamba tuliacha kuitumia kadi ile mara moja, kijana akiwa amepiga picha nne tu. Kufomati kwa namna hii hufuta orodha ya vitu, si vitu vyenyewe: ni kama kuchana daftari la ghala huku magunia yakiwa bado yamepangwa ndani. Kila picha mpya inayopigwa ndiyo inayotoa gunia la zamani na kukaa mahali pake. Usiku nilitumia programu ya bure iitwayo PhotoRec, nikiielekeza ihifadhi inachokipata kwenye diski ya kompyuta na si kwenye kadi ileile. Karibu picha zote zilirudi, lakini bila majina yake, na nilikaa hadi alfajiri nikizipanga kwa kufuata saa iliyoandikwa ndani ya kila picha. Video mbili zilirudi zimevunjika, hazikufunguka. Nilikwenda kwa baba wa bibi harusi, nikamweleza ukweli na kumrudishia sehemu ya malipo.

Tangu siku ile kila kamera yangu ina kadi zake, zimewekwa alama ya rangi kwa kalamu isiyofutika, na kadi haivuki kwenda kamera nyingine kabla picha hazijahamishwa mahali pawili. Karibuni.

Kijana wa Kibirizi

Shikamoo mama. Kisa changu ni kifupi, ila kiliniuma. Napiga picha ufukweni hapa Kibirizi, dagaa wanaposhushwa na abiria wanapopanda mitumbwi. Siku moja mwenzangu aliniazima kadi yake kwa sababu yangu ilikuwa imejaa. Mtumbwi wake ulikuwa unaondoka, akawa ananihimiza nimrudishie, nami nikafungua mlango wa kadi na kuichomoa wakati ile taa nyekundu ndogo bado inapepesa. Kamera ilikuwa inamalizia kuandika picha nilizopiga kwa mfululizo. Picha tatu za mwisho zilikuwa nusu picha nusu kijivu, na kadi nzima ikakataa kusomeka kwenye kamera yake hadi alipofika nyumbani na kuirekebisha kwenye kompyuta. Sasa nazima kamera kwanza, nasubiri taa ife, ndipo nafungua mlango. Mchanga wa hapa nao una mambo yake: nisipoipangusa kadi kwa kitambaa kikavu, naihamishia kamera ya pili uchafu wa kamera ya kwanza.

Mzee wa Isevya, Tabora

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi si mpigapicha wa biashara. Ni mstaafu wa reli mwenye kamera ya kidijitali niliyoinunua zamani, ambayo bado inapiga picha safi kuliko simu ya mjukuu wangu, ingawa yeye hakubali. Kadi yake ilipokufa nilimwagiza kijana aniletee nyingine, akaniletea ya gigabaiti 32. Kamera ikasema kuna hitilafu ya kadi. Nikarudisha dukani, nikapewa nyingine, hitilafu ileile. Nilikuwa tayari nimeanza kumshuku muuza duka, na ninamwomba radhi hapa, kwa sababu kadi zote mbili zilikuwa nzima.

Tatizo ni umri wa kamera yangu. Kadi za SD za mwanzo zina ukomo wa gigabaiti 2 kwa kawaida. Mwaka 2006 zikaja SDHC, zinazofika gigabaiti 32, na baada yake SDXC alizozitaja mtoa mada. Kwa umbo la nje zote zinafanana kama mapacha, hata mlango wa kamera unazipokea zote, lakini kamera ya kizazi cha kwanza haisomi kadi za vizazi vilivyofuata. Kinyume chake hakina shida: kamera mpya inasoma kadi ya zamani. Kwa hiyo anayetaka kadi moja ya kuzunguka kwenye kamera zake zote aangalie kwanza kamera iliyo nzee kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayopanga. Mimi nilipata kadi ya gigabaiti 2 kwenye droo ya shemeji yangu, ilikuwa imelala humo miaka mingi, na inafanya kazi hadi leo.

Mwalimu, Kasulu

Asante mzee kwa maelezo hayo. Kwangu kadi hazikugombana na kamera. Zilizogombana ni picha zenyewe zilipofika kwenye kompyuta. Kwenye mahafali ya kidato cha nne tulikuwa na kamera mbili za kampuni moja, mimi nikiwa ukumbini na mwenzangu akiwa nje kwenye gwaride. Jioni nilifungua folda moja niliyoiita Mahafali, nikamwaga humo picha za kadi ya kwanza, kisha za kadi ya pili. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kubadilisha faili zenye majina yanayofanana. Nilidhani inauliza kuhusu picha nilizokwisha kunakili, nikabonyeza ndiyo kwa zote.

Kamera hizi zinatoa majina kwa namba tu: herufi chache mwanzoni, kisha tarakimu nne zinazoishia 9999 na kuanza upya. Kamera mbili za aina moja hutoa majina yaleyale kwa picha tofauti kabisa, na hata kamera moja itafanya hivyo ikiwa imewekwa ianze namba upya kila kadi inapofomatiwa. Nilipoteza picha za meza kuu zipatazo sitini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaifuta kadi ya kwanza, hazikurudi. Mgeni rasmi hakuwahi kuulizia, ila mkuu wangu wa shule aliulizia sana. Siku hizi kila kadi naifungulia folda yake yenye tarehe na jina la kamera, na kadi siifuti hadi nimefungua picha kadhaa kwenye kompyuta na kuona kwamba zinafunguka kweli. Kuhesabu idadi ya faili peke yake hakunitoshi tena.

Dada wa Ujiji

Nami niongeze jambo la maduka ya kusafishia picha. Nilipeleka kadi ili nisafishiwe picha kumi za ubatizo wa mtoto wa jirani, ikachomekwa kwenye kompyuta ambayo inapokea kadi na flashi za mji mzima. Niliporudi na kuiweka kwenye kamera ya mume wangu haikuonyesha kitu. Kwenye laptopu folda zote zilionekana kama njia za mkato, kila ukibofya hakuna kinachofunguka. Ilikuwa virusi, ambavyo vilikuwa vimezificha folda halisi, na fundi alizifichua kisha akasafisha laptopu. Kamera zenyewe hazikudhurika, kwa sababu virusi vya kompyuta havifanyi kazi ndani ya kamera, lakini kadi inavibeba kutoka kompyuta hadi kompyuta kama nzi.

Sasa ninapopeleka dukani nanakili picha zinazohitajika tu kwenye flashi. Nikilazimika kupeleka kadi yenyewe nasukuma kile kiswichi cha pembeni kwenye upande ulioandikwa Lock. Siyo kufuli la kutegemea kabisa, maana ni kifaa kinachosoma ndicho kinachoamua kukiheshimu. Na msishtuke kamera ikisema kadi imefungwa wakati hamkuifunga: kiswichi kikilegea huteleza chenyewe wakati wa kuchomeka. Yangu nimeibandika kipande chembamba cha selotepu.

Mfanyabiashara, Kigoma mjini

Jambo moja tu kwa wanaonunua kadi za bei ya kutupa. Niliuziwa iliyoandikwa gigabaiti 128, na kila kamera niliyoijaribu iliona 128. Ndani zilikuwa 8. Ukipita hapo inaendelea kujifanya inapokea, lakini picha za mbele ni takataka. Kabla ya kuiamini kadi mpya ijazeni yote na kuisoma tena kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwa wanaotumia Linux na Mac.

Binti wa Uvinza

Samahani mama, nina swali. Nina kadi ndogo niliyokuwa naitumia kwenye simu, nimeiweka kwenye adapta yake na kuichomeka kwenye kamera ya dada, kamera inaomba kuifomati. Kwenye simu picha zinaonekana vizuri kabisa. Nikubali?

Mama Studio (mtoa mada)

Usikubali, binti yangu, zima kamera sasa hivi na utoe hiyo kadi. Kuanzia Android 6 kuna simu zinazokupa nafasi ya kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, na ukichagua hivyo simu huisimba kadi kwa ufunguo wake yenyewe. Hakuna kamera wala kompyuta itakayoisoma, na hata simu nyingine haitaisoma. Irudishe kwenye simu ileile, nenda kwenye mipangilio ya hifadhi uone kama imeandikwa hifadhi ya ndani, na kama ndivyo, hamishia picha zako kwenye kompyuta kwa waya ukiwa umeiacha kadi ndani ya simu. Ukishazifungua ukaziona, hapo ndipo uipe kamera ya dada yako ruhusa iliyoiomba. Kisha utuandikie hapa picha zilifika ngapi.

Binti wa Uvinza

Asante mama. Ni kweli, imeandikwa hifadhi ya ndani. Waya nimeazima kwa jirani, zinahama sasa. Zimefika 412, bado zinaendelea.