Mazda Roadster hapa Tanga: nianze na redio, spika za milango na amplifaya, au sabufa?

Mkazi wa Raskazone

Assalaam alaikum, ndugu wanajukwaa. Nina Mazda Roadster ya mwaka 2001, ya kizazi cha pili kilichotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, ambayo imefika kutoka Japani miezi minane iliyopita. Redio iliyokuja nayo inashika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, na kwa kuwa hapa kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108, karibu zote zimeniponyoka. Spika za milangoni ni zilezile za kiwandani. Nilipovua paneli ya mlango wa kushoto nilikuta koni ya karatasi imelegea kama boksi lililonyeshewa, na ukingo wake umeachia upande mmoja.

Turubai la paa likiwa limefungwa, muziki unasikika kwa kiasi. Nikilifunua na kushika barabara ya Muheza kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kinachobaki ni sauti ya mwimbaji peke yake, huku besi na ngoma zikiwa zimetoweka kabisa. Mimi ni mtu wa taarab na dansi la zamani, na muziki wa namna hiyo bila besi ni sawa na chai bila sukari.

Nimetenga shilingi 1,500,000 na ninazo njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni redio mpya pamoja na spika za kawaida zenye twita (kispika cha sauti nyembamba) katikati, bila amplifaya (kifaa cha kukuza nguvu ya sauti). Ya pili ni redio ya bei ya chini, spika za midi (za sauti za kati na nzito) milangoni zenye twita zilizotenganishwa, amplifaya ya chaneli nne na kazi ya kutuliza mabati ya milango. Ya tatu ni kuacha spika kama zilivyo, nibadilishe redio na kuongeza sabufa (spika ya besi peke yake) yenye amplifaya ndani yake. Naomba mnishauri kwa kuzingatia kwamba gari hili linalala umbali mfupi sana kutoka baharini.

Fundi Umeme Ngamiani

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Chagua ya pili, nami nitakueleza sababu ili usiichukue kama maneno ya fundi anayetafuta kazi.

Gari lenye paa huisaidia besi. Wimbi la sauti la hezi 60, yaani mitikisiko 60 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 5.7, wakati Roadster yako nzima, kutoka bampa hadi bampa, haifiki mita 4. Ndani ya gari lililofungwa, wimbi refu namna hiyo halina nafasi ya kujinyoosha, kwa hiyo spika inaisukuma hewa yote ya ndani kwa pamoja na besi inaongezeka bila wewe kulipia chochote. Ukifunua turubai, msaada huo unaondoka wote. Wakati huohuo upepo na matairi yanaleta ngurumo ambayo nayo ni nzito, na inakaa kwenye masafa yaleyale ya besi na ngoma. Ndiyo maana mwimbaji anabaki na vyombo vinapotea. Si kwamba masikio yako yana tatizo.

Njia ya kwanza haitoshi kwa sababu ya nguvu. Redio nyingi zimeandikwa wati 50 mara 4, lakini hicho ni kilele cha kitambo tu; nguvu ya kudumu ni kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika ya omu 4. Umeme wa gari wa volti 12 hadi 14 hauruhusu mengi zaidi ya hapo mpaka pawepo kifaa cha kupandisha volti, na kifaa hicho ndicho kilichomo ndani ya amplifaya. Unapochagua spika, soma pia wepesi wake wa kutoa sauti, ule unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja. Spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 89 ni kama umeongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, na tofauti ya bei kati yake mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya amplifaya kubwa.

Sasa milango, ambayo watu wengi huiruka. Gonga bati la nje la mlango kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe tupu, basi hata spika nzuri itakuwa inapiga debe. Sauti inayotoka nyuma ya koni inapita kwenye matundu makubwa ya bati la ndani, inakutana na ile ya mbele, na zile nzito zinafutana. Kwa hiyo tunabandika shiti za lami ya mpira zenye karatasi ya alumini juu yake, kwanza kwenye bati la nje nyuma ya spika, kisha tunaziba matundu ya bati la ndani. Pete ya kushikia spika iwe ya plastiki ngumu, si ya mbao zilizogandishwa kwa gundi, maana hizo zikinywa maji zinavimba. Pia pima kina cha sumaku kioo kikiwa kimeshushwa chini kabisa, kabla hujalipia spika, kwa sababu nafasi katika milango hii ni finyu.

Nakusihi jambo moja: usiruhusu mtu yeyote azibe vitundu vya chini ya mlango. Kila mvua inaponyesha, maji hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, nayo hutokea hapo. Ukiziba, mlango utaoza kuanzia ndani.

Dada wa Pangani

Nakubaliana na Fundi, lakini suala la bahari halijaguswa, na kwetu ndilo linaloamua kitu kitadumu miaka mingapi.

Zipo spika zilizotengenezwa kwa ajili ya boti. Koni yake ni ya plastiki, ukingo ni wa mpira, na plastiki yake imechanganywa na dawa ya kuzuia jua lisiikaushe. Zilizo bora huwa zimejaribiwa kwa ukungu wa chumvi kwa kipimo cha ASTM B117 na kwa mwanga mkali kwa kipimo cha ASTM D4329. Ukiona namba hizo kwenye boksi ujue mtengenezaji alifikiria watu wa pwani. Hata hivyo, kwa Roadster ambayo spika zake zimefichwa nyuma ya paneli na turubai hufungwa usiku, mimi ningeridhika na spika za kawaida mradi koni ni ya plastiki na ukingo ni wa mpira. Karatasi na sponji usiziguse. Za boti ningemshauri mtu ambaye gari lake linashinda wazi kutwa nzima.

Chumvi inaanza na waya. Katika gari langu la kwanza nilifungiwa waya wa bei nafuu, na baada ya masika mbili fundi alipovua kifuniko cha plagi tulikuta unga wa kijani na mweupe, waya umekatika ndani ya ganda lake bila dalili yoyote kwa nje. Ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba. Unapokwenda dukani, omba kipande kidogo na ukikwangue kwa kisu: shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani, alumini inaonekana nyeupe chini ya rangi. Ukipata shaba iliyopakwa bati, ule wa boti, mambo ni kinyume: juu ni mweupe, ukikwangua unakuta wekundu. Huo ndio nilioutumia sasa, na sina majuto.

Mzee wa Chumbageni

Vijana wangu, nimesoma yote na ninawashukuru. Mimi naongezea kuhusu redio, kwa kuwa mwenye gari ameitaja kama jambo dogo.

Usinunue skrini kubwa. Saa saba mchana, paa likiwa wazi, skrini hugeuka kioo cha kujitazamia uso, na vidole vinatafuta alama ambayo haionekani. Chukua redio nyembamba ya kimo kimoja (single DIN), yenye kitasa cha kuzungusha sauti ambacho mkono unakijua bila macho kuondoka barabarani, yenye Bluetooth na yenye uso unaochomoka. Gari la turubai halina ulinzi wa maana. Ukiingia sokoni, chomoa uso huo uuweke mfukoni. Hakikisha pia ina matundu ya kutolea sauti kwenda amplifaya, ikiwezekana yenye volti 4 na kuendelea, kwa sababu umeme unaobeba sauti ukitoka redioni na nguvu, mlio wa alteneta haupati nafasi ya kupenya.

Na neno la mkazi mwenzenu: mji wetu ni wa baiskeli. Mwenye baiskeli anapiga kengele, hana honi. Sauti ya gari la wazi haina ukuta wa kuizuia kumfikia jirani wala aliye msikitini, kwa hiyo kitasa hicho kilicho karibu na mkono kina kazi nyingine zaidi ya kuongeza.

Dereva wa Segera

Shikamoo Mzee. Naomba kuitetea sabufa, kwa sababu imehukumiwa bila kusikilizwa.

Nina Roadster ya kizazi hichohicho. Chini ya viti hakuna nafasi, kwa hiyo sabufa yangu ya inchi 8, ya boksi bapa, niliifunga mbele ya miguu ya abiria, ikiwa imesimama. Ninapozunguka mjini taratibu jioni, turubai likiwa chini, besi inafika mwilini kupitia sakafu na kiti, na hakuna spika ya mlango iliyowahi kunipa raha hiyo. Nikifika kilomita 90, nakiri, nusu yake inaliwa na upepo.

Ila sabufa ya kwanza iliungua, na chanzo chake kinamhusu kila mwenye gari hili. Niliiweka kwenye zulia nyuma ya kiti. Turubai la Roadster lina mfereji kwa nyuma ambao unapeleka maji kwenye vitundu viwili, kimoja kila upande nyuma ya viti, na maji yakatokea chini ya gari. Nilikuwa ninaegesha chini ya mwarobaini. Majani yaliziba kitundu cha kulia, na mvua ya usiku mmoja wa Aprili ikaingia ndani yote. Asubuhi nilipobonyeza zulia, maji yalipanda juu ya vidole. Tangu hapo, kila mwezi ninapitisha kipande cha mrija laini wa plastiki katika vitundu hivyo na kumwaga kikombe cha maji nione kama yanatoka chini haraka. Chochote cha umeme kisikae sakafuni nyuma ya viti.

Fundi Umeme Ngamiani

Ndugu Dereva, sina ugomvi na sabufa yako. Ugomvi wangu ni mpangilio. Sabufa juu ya spika zilizochanika inaleta ngurumo miguuni na ukimya masikioni. Milango ikishakaa sawa, yeye mwenyewe ataamua kama bado anahisi upungufu, na amplifaya ya chaneli nne itakuwa na chaneli mbili zinazosubiri.

Mkazi wa Raskazone

Nimeshawishika na njia ya pili, na redio nitafuata maneno ya Mzee. Nina swali: betri ya gari hili iko ndani ya buti. Je, amplifaya ikae humo humo, na fyuzi iwe ya ukubwa gani?

Fundi Umeme Ngamiani

Ndiyo, na hiyo ni bahati yako, kwani waya wa umeme hautazidi mita moja au mbili. Ifunge kwenye ukuta wa buti, si sakafuni.

Fyuzi inalinda waya, si amplifaya, hivyo iwe karibu na betri, isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Hesabu ni hii: tuchukue amplifaya ya wati 75 kwa kila chaneli; wati 75 mara 4 ni wati 300. Amplifaya ya daraja D hupoteza kidogo, tuseme inafanya kazi kwa asilimia 80, kwa hiyo inavuta wati 375. Gawanya kwa volti 13.8 unapata ampea 27. Fyuzi ya 30 na waya wa shaba wa milimita za mraba 10 vinatosha. Ya daraja AB, kwa sauti ileile, ingevuta kama ampea 40 na kutoa joto jingi ndani ya buti lililofungwa, kwa hiyo nakushauri uchukue D. Waya wa ethi ukwangulie rangi hadi bati ling'ae, ufunge kwa bolti, kisha upake grisi juu kwa sababu ya chumvi.

Tazama pia betri yenyewe. Ya asili ilikuwa ya kuzibwa, yenye vijibomba vya kutolea gesi nje ya gari. Kama mtu aliwahi kukuwekea ya kawaida ya maji bila bomba, gesi ya haidrojeni na mvuke wa tindikali vinabaki kwenye buti, mahali ambapo sasa tunataka kuweka umeme mwingine. Ibadilishe kwanza, hata kama twita zitasubiri mwezi ujao.

Mkazi wa Raskazone

Ndugu zangu, kazi imekamilika Jumamosi. Betri ilikuwa kweli ya kawaida, nimeibadilisha. Midi za milangoni zimezuiliwa zisipige sauti za chini ya hezi 80 kama fundi alivyopanga, na twita zimekaa kwenye pembetatu za vioo vya pembeni zikielekea usoni, mahali ambapo sauti nyembamba haimezwi na miguu. Mlango ukifungwa sasa unatoa mlio mzito, kama wa gari jingine. Nimekwenda Muheza na kurudi turubai likiwa chini, na nimesikia fidla na akodiani moja moja.

Besi tu ndiyo bado nyembamba, hata nikisimama. Je, nianze kutafuta sabufa?

Fundi Umeme Ngamiani

Subiri kwanza. Simamisha gari, cheza wimbo wenye besi, kisha peleka balansi yote kushoto, icheze spika ya upande huo tu. Ikiwa besi inaongezeka upande mmoja ukiwa peke yake, na inapungua pande zote mbili zikicheza pamoja, basi midi moja imefungwa chanya kwenye hasi na koni zinapingana. Geuza nyaya za mlango mmoja tu.

Mkazi wa Raskazone

Ilikuwa mlango wa kulia. Nimegeuza nyaya, na besi imerudi.