Mzee ana saratani ya umio, shangazi anataka tumpe antibaiotiki kwanza. Naomba ushauri

MtotoWaMwisho
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Mzee yuko chumba cha pili, namsikia anavyokohoa.

Ana miaka 67. Ilianza mwezi wa kumi mwaka jana, nyama ikawa inakwama. Akasingizia meno. Ukafuata ugali, zikafuata ndizi, sasa hivi hata mtori hapiti mpaka mama auchuje kwa chujio la chai. Mkanda ameshautoboa matundu mapya matatu kwa msumari. Duka la dawa la mtaani walimpa dozi ya vidonda vya tumbo mara mbili, ile ya kuua bakteria wa tumboni, tukapoteza karibu miezi minne hapo. Mwezi uliopita ndiyo akaingizwa kamera, wakachukua kinyama, majibu yakasema saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, aina ya seli bapa. Daktari anataka awekewe stenti, kijimrija cha kushikilia umio ubaki wazi, ili aweze kula, halafu mionzi. Tumepewa tarehe ya wiki tatu mbele.

Sasa shangazi amesoma mahali kwamba kansa hii inaletwa na bakteria wa mdomoni, kwamba ndio wanaolaza kinga ya mwili. Kaja na antibaiotiki za elfu sitini, anataka Mzee azimeze mwezi mzima ndipo aende kwenye mionzi. Tena kamwambia mama asinywe kikombe kimoja na Mzee. Mama alilia. Hao wawili wanagawana kikombe cha chai ya asubuhi tangu sijazaliwa.

Habari ya bakteria ni ya kweli? Mama ataambukizwa? Na hizi dawa nizifanyeje?

Kibo_Kaskazini
Pole sana mkuu. Kansa haiambukizwi kwa kikombe. Mwambie mama aendelee na chai yake. Hayo mengine nawaachia wenye fani.

MlongeAsilia
Kinga ikipanda kansa inajifia yenyewe. Nina unga wa mizizi saba, njoo inbox.

Kibo_Kaskazini
Wewe kila uzi wa mgonjwa umo.

ZamuYaUsiku
Niko maabara miaka kumi na moja, ngoja nijaribu.

Shangazi hajatunga. Wajapani mwaka 2016 walipima vipande vya saratani ya umio vya wagonjwa 325, wakakuta vinasaba vya bakteria aitwaye Fusobacterium nucleatum kwenye vipande 74. Makao ya huyu ni mdomoni, kwenye ukoga na fizi zilizooza. Waliokutwa naye waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka huohuo Wachina wakamkuta mwenzake, Porphyromonas gingivalis, wa ugonjwa wa fizi, kwenye asilimia 61 ya vinyama vya saratani hii, na hawakumwona kwenye umio usio na ugonjwa.

Lakini kumkuta mtu kwenye nyumba iliyoungua si ushahidi kwamba ndiye aliyewasha moto. Uvimbe wenye vidonda ni mahali pazuri pa bakteria kuweka kambi. Wengine wanadhani wanachangia tangu mwanzo, wengine wanaona wamehamia baadaye.

Kuhusu kinga, fikirieni sungusungu. Mwili una seli T za kuua, kazi yao ni kukamata seli zilizoharibika. Kuna seli T nyingine za kutuliza, mfano wa wazee wa mtaa wanaosema "basi, inatosha, rudini majumbani", bila hao sungusungu wangechoma hata nyumba za majirani. Kwenye uvimbe wenye Fusobacterium, wale Wajapani waliona alama za kemikali inayowaita wazee hao wa kutuliza. Bakteria huyohuyo ana protini inayobonyeza swichi ya kuzimia iliyo juu ya seli za kinga, zinabaki zimekodoa macho tu. Kwa hiyo "wanalaza kinga" si uongo, ila ni kipande cha habari.

Antibaiotiki sasa. Shangazi anachanganya na Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Yule anaongeza hatari ya saratani ya TUMBO, na kumuua mapema kunapunguza hatari hiyo. Watafiti wa Australia, Marshall na Warren, walipata Nobeli ya 2005 kwa kumgundua yeye na kazi yake kwenye vidonda. Umio ni habari nyingine. Hakuna dozi ya antibaiotiki inayotibu saratani ya umio, na mwezi mzima wa kusubiri ni mwezi wa uvimbe kukua. Zaidi ya hapo, zipo dawa mpya zinazofungua breki za seli T, na wagonjwa wa saratani za mapafu na figo waliotumia antibaiotiki karibu na kuanza dawa hizo walionekana kufanya vibaya zaidi. Bei yake wengi wetu hatuifikii, nawatajia tu mjue kwamba kufagia bakteria wote si kuongeza kinga.

Mama_Bomet
Pole ndugu yangu. Huku kwetu Bomet, Kenya, kila ukoo unaujua huu ugonjwa, na ukanda wake unashuka kutoka Ethiopia, Kenya, hapo kwenu Kilimanjaro, Malawi hadi Afrika Kusini. Baba aliwekewa stenti, akala siku ya pili. Uji, supu, ndizi zilizopondwa. Mkate na nyama ya nyuzinyuzi hapana, vinaziba. Ale akiwa ameketi, na alale na mito miwili, kwa sababu stenti ya Baba ilishuka hadi mlango wa tumbo, chakula kilikuwa kikirudi usiku.

Na chai ya moto muache jameni. Baba alikuwa akisema chai iliyopoa ni maji ya kuoshea vyombo.

ZamuYaUsiku
Mama Bomet kagusa penyewe. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya zaidi ya digrii 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kilimanjaro walipima watu wakipiga funda la kwanza la chai, wastani ukapita 70. Umio unaoungua kila asubuhi hauishi kuwa mwekundu na wenye kuwasha, na hapo kinga inashinda kazini bila kupumzika.

DaktariWaMeno_Arusha
Niongeze la kinywa. Tafiti za Kenya na Tanzania zimeona wagonjwa wa saratani hii wana meno mengi yaliyong'oka au kuoza kuliko wenzao. Kilichotangulia bado ni mjadala, lakini Mzee asafishwe kinywa hata hivyo. Asiyeweza kumeza vizuri, mate yake hupotea njia, yakiwa na bakteria yanashuka kifuani na kuleta nimonia.

Halafu, mtoa mada, umesema anakohoa. Anakohoa muda wote, au akinywa?

MtotoWaMwisho
Akinywa. Wiki hii hata maji. Usiku ana joto kidogo.

DaktariWaMeno_Arusha
Usisubiri hizo wiki tatu. Nendeni asubuhi, mseme maneno hayohayo: "anakohoa kila akimeza maji na ana homa". Inawezekana uvimbe umetoboa njia ya hewa, au anapaliwa tu, lakini vyote viwili havingoji tarehe. Usiku huu msimpe kitu mdomoni.

ZamuYaUsiku
Nakazia. Na karatasi ya majibu ya kinyama msiisahau mezani.

MtotoWaMwisho
Mrejesho, siku ya tano. Tulienda. Wamekuta kitundu kati ya umio na njia ya hewa, maziwa yalikuwa yanaingia kifuani. Jana wameweka stenti yenye ngozi ya kufunika hicho kitundu. Leo saa nne Mzee kanywa uji nusu kikombe bila kukohoa, akadai uongezwe sukari. Mionzi imesogezwa mpaka kifua kitulie, na hawajatudanganya kuhusu hali yenyewe ilivyo.

Mama kashika kile kikombe muda wote.

Tatizo lililobaki ni shangazi. Amesikia Mzee yuko kwenye antibaiotiki za sindano kwa ajili ya nimonia, sasa anapiga simu ukoo mzima kwamba yeye alisema.

Kibo_Kaskazini
Hahaha, hapo mkuu mwachie tu ushindi. Zile za elfu sitini vipi?

MtotoWaMwisho
Amezirudisha dukani. Wamekataa kumpa hela yake.