Darubini ya usiku kwa mtu aliyezoea karabai: itafaa baharini?

Mkojani wa Bara

Assalaam aleikum, wanajukwaa. Mimi ni mgeni kabisa wa vifaa vya kuonea gizani. Nimenunua darubini ndogo ya kidijitali ya jicho moja, yenye taa yake ya infraredi (miale isiyoonekana kwa macho), kwa ajili ya kuwatazama nguruwe pori wanaoharibu shamba langu, na sasa natamani kwenda nayo nyumbani Pemba nitakapopata likizo.

Nimekulia Kojani, katika ukoo wa watu wanaokwenda dago, yaani kuhamia kambi za uvuvi za muda mbali na nyumbani, na utotoni ami yangu alikuwa akinichukua kwenye mashua hadi pwani ya Tanga, ambako tulilala kambini mchana na kuvua usiku katika siku za giza, zisizo na mbalamwezi. Kazi yangu ilikuwa kuitazama karabai iliyoning'inizwa ubavuni mwa chombo na kuipiga pampu kila mwanga ulipoanza kuwa wa manjano, bila kuitikisa, kwa maana ule utambi wake ukishaungua hubaki kama jivu na huvunjika kwa mguso mdogo tu. Ngisi walikuwa wakija hadi ukingoni mwa mwanga na kusimama hapo hapo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni zile nyakati ambazo taa ilizimwa ili tuhame: ami aliinama akatazama maji, na kundi la samaki likigeuka kwa ghafla chini yetu bahari iliwaka weupe wa kibuluu kwa nukta moja, naye kwa ukubwa na kasi ya mwako ule alisema kama ni vibua au dagaa, na mara nyingi wavu ulimthibitishia.

Ninauliza mambo mawili. Je, darubini niliyo nayo itaniwezesha kuuona mwako ule vizuri zaidi? Na je, inaweza kumsaidia nahodha kuona miamba na vyombo visivyo na taa?

Fundi Lenzi

Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na karibu. Yafaa kwanza tutenganishe vifaa vya aina tatu ambavyo madukani huitwa kwa jina moja. Kifaa chako cha kidijitali kina sensa, yaani kipokea-mwanga, kama ya kamera, na kwa kuwa sensa hizo nyingi si hodari sana penye giza totoro, hutegemea taa ya infraredi. Kifaa cha tyubu hupokea mwanga hafifu wa nyota, huugeuza kuwa elektroni, huziongeza elektroni hizo mara maelfu, kisha huzipiga kwenye kioo kinachong'aa kijani au cheupe. Kamera ya joto haihitaji mwanga wowote, kwani hupima miale ya joto inayotoka kwenye vitu vyenyewe.

Kuhusu mwako wa baharini, unatokana na viumbe wadogo sana wanaotoa mwanga maji yanapotibuliwa, na mwanga huo ni wa kibuluu. Taa yako ya infraredi haitasaidia chochote hapo, maana maji huimeza miale hiyo upesi na kinachorudi machoni ni mng'ao wa uso wa bahari na matone ya mawimbi tu. Izime kabisa, kisha jaribu; ukiona picha ya chengachenga tupu, ujue sensa imefika mwisho wa uwezo wake. Tyubu ndiyo inayofaa zaidi, tena hapa kizazi cha pili (tyubu hutajwa kwa vizazi vya utengenezaji wake) kina nafuu yake, kwa sababu tyubu za kizazi cha tatu, pamoja na bei yake kubwa, hazina usikivu mzuri kwa rangi ya buluu. Jambo alilolifanya ami yako kwa macho matupu, wataalamu wa uvuvi wa Marekani walilijaribu kutoka kwenye ndege karibu na mwaka 1970, wakitumia kamera za mwanga hafifu kutafuta makundi ya samaki katika Ghuba ya Mexico.

Nahodha Mstaafu

Nakubaliana na Fundi, ila swali la pili ni la usalama na lataka maneno makali kidogo. Kijana wangu, usimpe nahodha darubini ya jicho moja ashike nayo usukani. Kwa jicho moja mtu hawezi kupima umbali sawasawa, na mwamba unaovunja mawimbi huonekana uko mbali hali umeshafika. Tena kioo chake kinang'aa: jicho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza barabara, na utazamaji wa muda mfupi tu hulirudisha nyuma. Mtazamaji awe mtu mwingine, akae mbele, aseme anachokiona.

Vyombo visivyo na taa huonekana vizuri zaidi kwa kamera ya joto, kwa sababu watu na mashine hujitokeza dhidi ya bahari iliyo baridi zaidi. Hata mtu aliyeanguka majini huonekana, lakini ni kichwa chake tu, kwani chini ya uso wa maji kamera hiyo haioni kitu. Vilevile haioni kupitia dirisha la kioo. Mvua kubwa huipunguzia uwezo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Ukitazama juu kwa kifaa cha tyubu, nyota huwa nyingi mno hata Kilimia chenyewe, lile kundi la nyota ambalo wazee wetu walilitumia kujua majira, hupotea miongoni mwa nyota nyingine. Anayeshika njia kwa nyota na aziangalie kwa macho yake.

Mkojani wa Bara

Shukrani nyingi, na shikamoo Nahodha. Siku hizi wavuvi wengi wameacha karabai na kutumia taa za LED za betri. Je, nikikaa kwenye chombo chenye taa hizo, kifaa cha tyubu kitaharibika?

Mwana wa Mkwiro

Tyubu za kisasa hujipunguza zenyewe penye mwanga mkali, lakini usiielekeze kwenye taa kwa muda mrefu, maana doa laweza kubaki. Taa ikiwaka, hutaona chochote nje ya duara lake hata hivyo, subiri izimwe. Baada ya safari, ondoa chumvi kwa kitambaa laini kilicholowanishwa maji baridi yasiyo ya bahari kabla hujafuta lenzi, vinginevyo utaikwaruza. Na kabla hujalipia tyubu yoyote inayotoka Marekani, ujue kwamba nchi ile inahitaji kibali cha kuitoa nje, na mwuzaji asiyekutajia habari hiyo ni wa kuepukwa. Upande wa huku, waulize forodha kwa maandishi na uhifadhi majibu yao.