Presha haikushuka, kumbe ini lilikuwa likivuja damu: nilipaswa kushtuka wapi?

Muuguzi wa Zamu, Goma

Wauguzi wenzangu, nawasalimu. Ninafanya kazi katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara inayoshuka kutoka Kibumba kuja Goma, ambako chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, hupita kutwa nzima zikiwa zimesheheni viazi, kabichi na makaa. Wiki iliyopita tuliletewa kijana ambaye chukudu ilimshinda mteremkoni, na usukani wake wa mti ukamgonga ubavuni upande wa kulia. Hakuwa na jeraha la wazi, ila mchubuko wa duara chini ya mbavu, usiozidi upana wa kifuniko cha chupa.

Saa moja na nusu jioni presha yake ilikuwa 110/70 na mapigo ya moyo 92 kwa dakika. Saa mbili na robo ilikuwa 108/82 na mapigo 112. Kwa kuwa presha haikuwa imeshuka, niliandika kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, kwamba hali yake ni tulivu. Alilalamika kwamba bega la kulia linamuuma, nikadhani ameliangukia. Haikupita nusu saa akaanza kutoka jasho la baridi na kuomba maji kila mara. Tulimkimbiza hospitali, ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) ikaonyesha damu tumboni, na usiku uleule akapasuliwa kwa jeraha la ini. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini usingizi umenipaa. Katika vipimo vile, ni wapi nilipaswa kushtuka? Na je, ni kweli kwamba dawa ya maumivu huficha dalili kabla daktari hajamwona mgonjwa?

Yaya wa Dharura, Bukavu

Pole sana, dada yangu. Jibu limo ndani ya vipimo vyako mwenyewe. Toa namba ya chini kutoka namba ya juu: mara ya kwanza unapata 40, mara ya pili 26. Namba ya juu ilisimama palepale, lakini pengo lilikuwa linafungwa huku moyo ukiongeza mbio, maana yake mishipa ilikuwa imejikaza ili kufidia damu iliyokuwa ikipotea. Mtu mzima akipoteza damu isiyofika asilimia 15, yaani kama mililita 750, huenda usione chochote. Kati ya asilimia 15 na 30 mapigo hupita 100 na pengo hupungua. Namba ya juu kwa kawaida huporomoka baada ya hapo tu, wakati zaidi ya lita moja na nusu imekwisha kumwagika, na kijana mwenye nguvu za kusukuma chukudu hujikaza muda mrefu kabla ya kuanguka ghafla.

Lile bega nalo lilikuwa likikueleza jambo. Damu ikikusanyika chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, huichokoza neva inayotoka shingoni, mahali palepale panapotoka neva za ngozi ya bega, ndiyo maana maumivu husikika juu. Bega la kulia likuelekeze kwenye ini, la kushoto kwenye wengu. Na huku kwetu, ambako malaria huvimbisha wengu wa watoto, msidharau hata anguko dogo.

Kuhusu maumivu, mpe dawa. Morfini kidogokidogo kwenye mshipa, ukipima presha na upumuaji kila baada ya dozi, haifichi jeraha. Mgonjwa aliyetulia hulegeza tumbo, nawe unaweza kutambua ugumu wa kweli. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu huzuia damu kuganda vizuri. Wala himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya saa ya kwanza isikutulize: anayevuja hupoteza chembe na maji yake kwa pamoja, kwa hiyo namba hukawia kushuka.

Muuguzi wa Upasuaji, Lubumbashi

Niongeze kuhusu wale wasiopasuliwa, kwa maana majeraha mengi ya ini huacha kuvuja yenyewe ikiwa mgonjwa yuko imara. Hao ndio wanaomhitaji muuguzi zaidi. Tunawalaza kitandani na kuwapima kila dakika 15 mwanzoni, kisha kwa nafasi kubwa zaidi. Mkojo tunautaka usipungue nusu mililita kwa kila kilo kila saa, yaani mililita 30 kwa mtu wa kilo 60.

Tumbo ninalitazama, ninalisikiliza, ndipo ninalishika, nikianzia mbali na panapouma. Zamu inapobadilishana, sisi wawili tunasimama kitandani na kulishika tumbo lilelile mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa neno «laini» kwenye fishi halina maana moja kwa mikono miwili. Utepe wa kupima mzunguko wa tumbo siutegemei, maana lita nzima inaweza kujificha kabla tumbo halijavimba.

Siku ya kurudi nyumbani tunawaambia ndugu: baada ya siku au hata wiki kadhaa, macho yakiwa ya manjano, tumbo likisokota upande wa kulia, choo kikiwa cheusi au akitapika damu, arudi mara moja, kwani mshipa wa damu unaweza kuwa unavujia ndani ya njia za nyongo.

Muuguzi wa Zamu, Goma

Asanteni sana. Jambo moja bado linanikaa moyoni: tulimfungulia seramu, yaani maji ya mshipani, lita mbili kwa kasi, tena baridi kutoka stoo.

Yaya wa Dharura, Bukavu

Wengi tulifundishwa hivyo. Siku hizi tunaweka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene na kumpa mgonjwa mililita 250 za seramu kwa mara moja, mpaka namba ya juu ifike 80 au 90, isipokuwa kichwa nacho kimeumia. Seramu nyingi huzimua damu na kusukuma donge lililokwisha kuziba. Baridi huzuia kuganda, na usiku wa Goma mnaujua: mvue nguo zilizolowa, mfunike, pasha seramu. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kulinda donge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwa dakika 10, itolewe mapema na ndani ya saa 3 tangu ajali. Ikichelewa zaidi yaweza kudhuru. Kwa hiyo saa ya ajali, si saa ya kupokelewa, iandikwe juu kabisa ya karatasi ya rufaa, na ndugu wawili wapande gari hilohilo wakiwa tayari kutoa damu.