Eti "mmeichafua, punguza bei"! Huyu mzee wa pampu ananitafuta nini?

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule mzee wa pampu, ninyi nyote wa karakana za Gerezani, Dar, mnamjua, wa kofia, sina haja ya kumtaja. Kaja asubuhi hii kuchukua kazi yake: impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, aliyoniletea niipime na kuichora kwa kompyuta ili imiminwe mpya. Kaishika impela, kapitisha kidole gumba juu ya ile poda nyeupe, kakikagua kidole kama daktari wa wilaya, halafu mbele ya vijana wangu wote: "Mmeichafua. Punguza bei."

Mmeichafua!

Mzee wangu, bila ile poda skana, mashine inayopima umbo kwa mwanga, haioni chuma kinachong'aa. Mwanga unaruka huku na huku, unaambulia wingu la nukta kama nzi juu ya utumbo. Nimezunguka lile dude mara 24, nikashona skani zote 24 ziwe kitu kimoja, nukta milioni 11, kompyuta inahema kama trekta la mwaka 47. Siku tatu nafuta takataka, na mojawapo ilikuwa dole langu mwenyewe. Halafu mtu anakuja na kidole. KIDOLE!

Na impela yenyewe imeliwa na mchanga wa kisima. Ukiiskani unapata mchanga ulivyokula, si kiwanda kilivyochonga. Mapanga sita, hakuna mawili yanayofanana. Nimechagua lenye nafuu, nikalinyoosha, nikalizungusha kila digrii 60 mpaka yakatimia sita. Tundu la shafti, ule mhimili unaoizungusha, ni milimita 38, lisizidi hata kwa 0.025. Unywele wako mzee, kama ungekuwa nao, ni mnene kuliko hapo.

"Mmeichafua." Nikakosa jibu. Mnajua nilifanya nini? Nilichukua kitambaa nikamfutia. Mimi mwenyewe!

Mama_Data: Ulimfutia? Na bei ukapunguza, usitufiche.

Mleta uzi: Elfu ishirini tu.

Mama_Data: Chai imenitokea puani 😂😂

Jicho_Kavu: Uzi bila picha hatuuamini.

Kobe_Mstaafu: Vijana mnapenda kulia. Sisi ilikuwa kalipa ya kupimia, karatasi na penseli, jioni tunamimina chuma. Chuma kikipoa kinasinyaa, umeongezea vipimo au umeskani tu ukafurahi?

Mleta uzi: Nimeongezea, mzee, shikamoo.

Kobe_Mstaafu: Marahaba. Poda gani hiyo lakini? Kweli inachafua.

Nukta_Moja: Siku tatu za nini? Si ungebonyeza Poisson, ile hesabu ya kompyuta ya kuzifunika nukta, ikutengenezee uso, ipo tangu 2006.

Mleta uzi: Nilibonyeza! Kule ndani ya tundu skana haikufika, basi ikaziba tundu lote na kulivimbisha kama puto. Ile haitaki kuona mwanya. Ningempelekea mzee impela isiyoingia shafti.

Nukta_Moja: Mishale ya uso, ile inayoiambia kompyuta nje ni upande gani, ilikuwa inatazama ndani. Kosa lako.

Mleta uzi: Mishale ilikuwa inatazama nje yote!

Nukta_Moja: Sawa mkuu. Nifutie na mimi.

Bosi_Kaptula: Ngoja, mzee wa kofia? Si ndiye mwenyekiti wa kamati ya ile harusi ya Desemba? Nilichanga laki, nikala pilau la baridi na soda moja.

Mama_Data: Wewe ulipata soda! Mimi kadi ya dabo, mume wangu kawekwa meza ya mbele, mimi pembeni ya jenereta. Mpaka leo sikio hili linavuma.

Jicho_Kavu: Na meseji za kukumbushia mchango kila Jumatatu alfajiri, kama una deni la benki.

Kobe_Mstaafu: Enzi zetu unapeleka mbuzi, yameisha.

Bosi_Kaptula: Mbuzi wa sasa anazidi hiyo laki, mzee.

Mleta uzi: Jamani, impela yangu...

Mama_Data: Mkuu, tupo kwenye michango hapa. Ya impela ifungulie uzi wake.