Wakuu, kujifunza Kichina kwa nyimbo kunasaidia au najidanganya?

Mzigo_Kontena: Habari zenu wakuu. Nauza vifaa vya simu Kariakoo, na mara mbili nimeshafuata mzigo Guangzhou. Hela ya mkalimani inaniumiza, nikaamua nijifunze mwenyewe. Muda wa darasa sina, kwa hiyo miezi minne sasa nasikiliza nyimbo za Kichina tangu nafungua duka mpaka nafunga. Kumi hivi naimba mwanzo mwisho. Juzi nikamtumia muuzaji wa kule sauti kwenye WeChat kwamba nataka kununua kava 500. Akajibu kava anatengeneza mwenyewe, hana haja ya kuuziwa! Nyimbo niache?

Babu_wa_Buguruni: Hahaha! Sisi tumeimba Kilingala kwenye harusi tangu utotoni, na hadi leo ninachokijua ni "bolingo" tu.

Toni_ya_Nne: Msimcheke. Mkuu, umeponzwa na toni. Kichina sanifu kina toni nne. "Mai" ukiishusha sauti kisha ukaiinua ni kununua. Ukiiangusha ghafla ni kuuza. Kwenye wimbo toni hizo zinamezwa, sauti inapanda pale muziki unapopanda. Wachina wenyewe wanaelewa kwa muktadha. Wewe umekariri melodi ukadhani ndiyo matamshi.

Usiache lakini. Nilipokuwa nasoma Kichina Taasisi ya Confucius pale Mlimani, nyimbo zilinipa maneno mengi kuliko daftari, na neno lililoingia na wimbo halitoki. Ila kila mstari ukishauimba, zima muziki, useme kama unaongea na mtu, ujirekodi, ulinganishe na Mchina anayeongea. Tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa herufi zetu na alama za toni juu. Wimbo mmoja kwa wiki unatosha, kumi ni fujo.

Ng'wana_Shinyanga: Kama una lugha ya nyumbani yenye toni, itumie. Kisukuma kinayo, na mimi sikupata shida kama wenzangu waliokulia Kiswahili tu.

Mzigo_Kontena: Mimi mtoto wa Ilala, Kiswahili tu, sina pa kukimbilia. Toni_ya_Nne, nashukuru sana. Nyimbo nyingi nilipewa na kijana wa stoo kule Guangzhou, zile za zamani za Hong Kong. Nianze na ipi?

Toni_ya_Nne: Za Hong Kong? Mkuu, nyingi ya hizo ni Kikantoni, lugha ya huko Hong Kong na Guangzhou. Siyo lugha unayojifunza.

Mzigo_Kontena: Acha utani.

Toni_ya_Nne: Kikantoni kina toni sita. Na kwenye nyimbo zao melodi hufuata toni, kwa hiyo hapo matamshi huenda umeyapata vizuri kabisa.

Mzigo_Kontena: Nimehesabu. Saba kati ya kumi.

Babu_wa_Buguruni: Yule kijana wa stoo mwimbie hizo saba, aseme na bosi wake kuhusu bei.