Nasoma makala usiku kucha, nikiifunga sina la kuandika

Mwaka wa kwanza, Historia:
Habari zenu wakubwa. Mimi ni wa Kilwa, nimetoka shule ya kata. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nikapita kwa kukariri notisi. Sasa niko chuo, na makala moja ya kurasa 22 inanila usiku mzima. Napaka rangi ya njano karibu kila mstari. Asubuhi nikiulizwa inasema nini, sina jibu. Kazi yangu ya Vita vya Maji Maji, vile vya kuwapinga Wajerumani, imerudi na 9 kwa 20, pembeni imeandikwa: "Haya ni maelezo. Hoja yako iko wapi?" Wenzangu wanasema nitafute desa la mwaka jana, yaani kazi ya wengine ninakili. Sitaki. Nisaidieni.

Dada wa mwaka wa tatu:
Pole mdogo wangu, na umefanya vema kulikataa desa. Hiyo kalamu ya njano iweke kando. Nilipaka rangi mwaka mzima. Mkono ulichoka, kichwani hakikubaki kitu. Anza na ikisiri (ule muhtasari wa mwanzoni), utangulizi, kisha hitimisho, ndipo uingie katikati. Kila kurasa tatu funga makala, uandike kwa Kiswahili: mwandishi anadai nini, na ushahidi wake ni upi? Ukishindwa, hujaelewa, rudi. Nasema Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza utajikuta umenakili maneno yake bila kujua. Andika na namba ya ukurasa papo hapo, la sivyo utaitafuta usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Sasa hoja. Bila shaka umeandika kwamba vita vilianza Julai 1905 Umatumbi, watu wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Sawa. Je, pamba peke yake inatosha kueleza kwa nini Wangoni wa Songea nao waliingia vitani? Jibu utakalolitetea kwa ushahidi ndilo hoja yako.

Mwalimu wa sekondari, Iringa:
Kwenye Kiswahili nakubali nusu. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, kwa hiyo usikawie kuhamia. Vidokezo viwe Kiswahili, rasimu iwe Kiingereza. Weka daftari la vifungu vizima, si neno mojamoja: wasomi wanavyosema "anapinga", "anadokeza", "ushahidi hautoshi". Na rasimu isome kwa sauti. Unapoishiwa pumzi, hapo kata sentensi.

Mwaka wa kwanza, Historia:
Asanteni sana. Jana nimejaribu na utangulizi tu, kurasa nne, saa nzima. Mara ya kwanza sikuandika kitu. Mara ya pili nimetoa hii: "Mwandishi anadai kwamba maji ya dawa ya mganga Kinjeketile yaliwaunganisha watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja." Nilipomaliza swali likanijia lenyewe: Wangoni walikuwa na watawala wao tayari, maji waliyapokea kwa lipi? Dada, naenda maktaba kulitafuta hilo. Jumamosi nitaweka aya ya kwanza hapa, uniambie kama ni hoja au bado ni maelezo.